Jumapili Waliyosema Anaona

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja tena. Jeshi zima la Mama Shangwe, akina mama wa maombi, viatu vimejazana mlangoni utadhani tunauza mitumba. Nilikuwa nimetandaza kitambaa cha sare za kwaya sakafuni, chaki bado mbichi. Wamekikanyaga! "Furahini!" anasema Mama Shangwe, mikono juu. Sauti yake inaweza kufungua kopo. Akina mama wanafurahi kwa amri, kama watoto wa shule walioambiwa waseme asante.

Wamesali, wameimba, wamelia kwa zamu, wamemaliza chai. Halafu wameenda zao, wepesi kabisa. Mimi nimebaki na vikombe.

Bwana wangu alikuwa katikati yao kwenye kiti chake, anatabasamu. Jicho la kushoto limekwisha. Presha ya macho — na yeye miaka yote ile ya kuchomelea mageti alidhani ukungu ule ni moshi wa kazi tu. La kulia limebakiwa na upenyo, kama mtu anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa macho hakuzunguka: operesheni Alhamisi, tarehe 20. Haitarudisha kilichokwenda, italinda hicho kilichobaki. Tusipofanya, ni giza.

Mtu anaambiwa giza, anatabasamu! Ningekuwa mimi ningevunja vikombe badala ya kuviosha.

Jumatano, 5 Machi

Jumapili hii ni zamu yake ya kusoma neno kanisani. Ni msomaji tangu hatujaoana na hataki kuachia. Nilimwambia, wape taarifa huoni herufi, watafute mwingine, dunia haitasimama. Hapana. Yeye hahitaji kuona, anahitaji mimi nimsomee aweke kichwani.

Basi ndiyo kazi yangu mpya. Napinda pindo huku nasoma. Nasoma kama tangazo la kukatiwa maji. Yeye anarudia nyuma yangu polepole, kama anakula kitu kitamu asichotaka kiishe. Ananikera! Na somo lenyewe ni la mtu kukimbilia kwa Mungu siku za taabu na kufurahi humo. Nikamuuliza: haya, wewe umekimbilia huko, umejificha, mimi je? Nani atafua? Nani atakushika mkono kwenda chooni? Akacheka. Akasema ingia na wewe, pana nafasi.

Pana nafasi! Kama ananisogezea benchi.

Asubuhi namtia dawa ya matone. Analaza kichwa kwenye meza ya cherehani, kando ya sindano, ametulia tuli. Ananiamini, mimi na hasira zangu hizi. Mjinga.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Shangwe amekuja kupimwa sare. Anasema ameongezeka kwa sababu ya furaha ya Bwana. Nimeandika kipimo cha kiuno kama kilivyo. Ameniuliza kama naomba. Nimemwambia naomba asipumue nikimpima.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nicheke au nilie. Naandika nikiwa bado na nguo za kanisani.

Aliitwa. Nikamshika kiwiko mpaka kwenye ngazi, pale akautoa mkono wangu — anataka kupanda mwenyewe. Akapapasa meza, akapata kitabu, akakifungua, akakiinua mbele ya uso. Juu chini! Msalaba wa dhahabu kwenye jalada umesimama kwa kichwa. Nikainua mkono kumwashiria. Halafu nikakumbuka namwashiria nani.

Akaanza. Hakukosea hata neno. Sauti imetulia, uso umefunguka, na — hakuna anayesoma humu, niseme tu — alikuwa anapendeza. Maneno yale yale niliyomsomea nimenuna, kwake yalikuwa mapya kabisa. Niliyasikia kama mgeni.

Alipomaliza, kitabu bado kiko juu. Halafu kutoka kwenye viti vya kwaya, ile sauti ya kufungua kopo: "Anaona! Jamani, kasoma! Anaona!"

Basi tena! Kanisa zima juu. Kinanda kikalia, spika zikapiga mluzi, watu wakapanda kwenye viti. Mchungaji akaja mbio akamkumbatia pamoja na kitabu chake. Kanisa zima, watu wenye macho yao mazima, wanautazama msalaba umesimama kwa kichwa, na hakuna aliyeona! Hata mmoja! Mimi niliona nikiwa nyuma ya mama mwenye kilemba.

Yeye mdomo unafunguka, unafumba. "Ngojeni, ndugu zangu —" Angoje nani? Mchungaji keshatangaza: Jumapili ijayo ibada ya shukrani, ushuhuda kamili, na kwaya itavaa sare mpya. Sare mpya! Anazishona nani? Malaika?

Njiani nilimwambia kitabu alikishika juu chini. Akasimama katikati ya barabara, akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia hakuna cha kuchekesha, kanisa zima limeshajua umepona. Akasema hakuwadanganya, hakuna mahali aliposema anaona. Nikamwambia hakuna pia mahali uliposema huoni. Hapo kicheko kikaisha.

Jumanne, 11 Machi

Mama Shangwe kaingia bila hodi — nyumba yangu imegeuka stendi — akanikuta namtia dawa. Akashika kifua. Dada, unafanya nini? Natia dawa, nikamwambia, ulidhani natia chumvi? Akasema chupa ile ni kumwambia Mungu kazi yake haijakamilika. Na eti anasikia operesheni bado ipo. Watu wakisikia itakuwaje? Mtu aliyeponywa anapelekwa kuchanwa jicho!

Nikamwambia kama Mungu ameponya, tone moja halitamuudhi. Kama hajaponya, tone hilo ndilo tulilo nalo. Nilijisifu kidogo moyoni kwa jibu hilo. Yeye hata hakulisikia. Akamgeukia bwana wangu: kaka, mwenye imani ni wewe, sema. Naye na upole wake ule unaotia hasira: Jumapili nitasema, dada.

Utasema nini? Tulimuuliza wote wawili kwa pamoja. Mara yangu ya kwanza kuwa kwaya moja na yule mwanamke.

Nitasema, basi.

Nimemtoa nje Mama Shangwe na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Namjua bwana wangu. Akisimama mbele ya watu wale akasema anaona, Alhamisi hatuendi popote. Hawezi kulimeza neno lake mbele ya kanisa. Na mtu mpole hajui kuwaharibia watu sherehe. Jicho litakwenda hivi hivi, kwa adabu!

Ijumaa, 14 Machi

Leo sijui niandikeje.

Zipu ya sare ya Mama Shangwe ilikataa, nikaona nimpelekee mwenyewe nyumbani ajaribu, kuliko aje tena kunihubiria. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisikia mtu anaimba ndani. Si ile sauti ya kanisani. Hii ni ndogo, imechoka, kama mama anayebembeleza mtoto asiyelala.

Nikapiga hodi, nikaambiwa pita. Alikuwa anamgeuza mume wake. Nilijua mume wake anaumwa, kiharusi, kila mtu anajua. Lakini kujua ni kujua tu. Mwanaume mzima, mrefu, hawezi kusogeza hata mto. Shuka limelowa. Mama Shangwe kanga kiunoni, jasho linamtiririka, anamfuta mgongo, anampaka poda, anaimba. Hakuona haya kuniona. "Shika mguu huo, dada." Nikashika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, nusura niuachie.

Tulipomaliza akanawa, akavaa sare. Nikapiga magoti nirekebishe zipu, pini mdomoni. Nikamuuliza, bila hata kuzitoa zile pini: unaimba hata hapa?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anakula hata nyumbani. "Kwani ulifikiri nafurahi kwa sababu mambo yangu ni mazuri?"

Halafu akasema, taratibu, mume wake asisikie: kila anapoitwa anakwenda, ameomba kwenye vitanda vya watu mpaka magoti yameota sugu, na hajawahi kuona hata mmoja akiinuka. "Mumeo ni wa kwanza. Mwambie Jumapili asiseme mengi. Niachie huyu mmoja tu, dada."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nashukuru.

Afadhali nisingekiona kitanda kile. Nilikuwa na dharau yangu safi, imepigwa pasi, inanikaa vizuri. Sasa nitamdharauje mtu ambaye nimeshika mguu wa mume wake?

Jumamosi, 15 Machi

Sare zimeisha. Sijamwambia bwana wangu habari za jana. Nikimwambia atamhurumia, na akimhurumia jicho limekwenda. Nikimtia dawa nimekosea, tone likaanguka shavuni. Akasema, unalia juu yangu? Nikamwambia asijipe umuhimu.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya na sare zangu — zimekaa vizuri, hilo hata shetani akubali. Mama Shangwe mstari wa mbele, anang'aa kama sufuria mpya. Sikuweza kumtazama.

Mchungaji akamkaribisha kwa maneno marefu, kama yeye ndiye aliyeponya. Bwana wangu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Akasema: ndugu zangu, sioni. Jumapili ile sikusoma, nilisema kwa kichwa, mke wangu ndiye aliyenisomea nyumbani. Kitabu nilikishika juu chini, na yeye ndiye aliyeniambia. Alhamisi naenda kuchanwa jicho, na naogopa. Lakini ile furaha mliyoiona usoni kwangu, hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwepo kabla hamjapiga kelele na imebaki baada ya kelele. Hiyo ndiyo niliyokuja kushukuru.

Akarudisha kipaza sauti, kikagonga meza. Mtu mmoja akakohoa. Mchungaji akasema "Amina" ndogo, ya mtu aliyemeza nzi, akaita matangazo. Matangazo!

Nilikuwa nimeisubiri kwa hamu saa hii ya kuona nyuso zao zimeanguka. Nimeziona. Hazikuwa na utamu wowote. Wakati tunatoka watu wakapisha njia kama tumebeba ugonjwa. Mama mwenye kilemba akasema, nikasikia, huyo mke ndiye aliyeua imani ya mume. Ningemjibu vizuri sana. Lakini nilikuwa namtazama Mama Shangwe. Alikuwa bado kwenye kiti chake, anafungua na kufunga mkoba, anafungua na kufunga. Hakuna mtu aliyekaa karibu naye. Nilipita. Sikusimama.

Jumanne, 18 Machi

Jana akina mama wa maombi hawakuja. Hakuna viatu mlangoni, hakuna wa kukanyaga kitambaa. Meseji tu kutoka kwa Mchungaji: tunawaombea mkiwa mbali. Mkiwa mbali! Tunakaa nyuma ya kanisa lake, takataka zake anazichomea dirishani kwangu!

Nyumba kimya. Kitu nilichokililia siku zote. Nimekaa nacho asubuhi moja tu kimenishinda.

Na yeye anaimba! Anakunja nguo zake za hospitali kwa kupapasa, anaimba. Nikalipuka. Nikamwambia unafurahi nini? Jicho linakwenda, kanisa limekutema, rafiki zako hawapokei simu, unafurahi nini? Au huna akili? Niambie nijue, kama naishi na mwendawazimu nipunguze maswali.

Akaacha kukunja. Akasema: mwenzangu, naogopa tangu siku ile ya daktari. Naamka nikiogopa. Nikiwa humo, na Mungu, hofu inakaa nje ya mlango inanisubiri, sitaki kukudanganya kwamba inaondoka. Lakini humo ndani haiingii. Nikitoka, inanidaka tena. Ndiyo maana siwi na haraka ya kutoka.

Miaka yote hii nimedhani haogopi! Nimemchukia kwa kutoogopa. Nimebeba hofu yetu yote peke yangu na kumsema moyoni, kumbe na yeye ana ya kwake, sema tu ana mahali pa kuiacha nje. Mimi sina. Hilo ndilo linaloniuma, niliandike tu. Si akina mama, si chai, si chaki. Ana mahali anakwenda na mimi nabaki barazani na mahasira yangu.

Nilitaka kumuuliza mlango uko wapi. Nikamuuliza kama anataka chai.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika hospitali, chumba cha kusubiri. Benchi la chuma, baridi inapanda mpaka mgongoni. Bango ukutani la jicho kubwa lililopasuliwa katikati, sijui nani alidhani litatuliza wenye wagonjwa.

Asubuhi getini tumemkuta Mama Shangwe! Kasimama peke yake na kanga yake ya nyumbani. Nikajiandaa. Nikawaza akianza "Furahini" hapa, nitamfanyia kitu kitakachotupeleka sote kituo cha polisi. Badala yake alimshika bwana wangu mikono yote miwili, akakaa nayo. Bwana wangu akasema, nisamehe dada, nimekunyang'anya huyo mmoja wako — jana usiku nilikuwa nimemsimulia yote. Mama Shangwe akatikisa kichwa — halafu akakumbuka haoni vizuri, akasema kwa mdomo, hapana kaka. Basi.

Hawezi kukaa, mgonjwa wake yuko peke yake. Wakati anaondoka alinivuta kando. Nikadhani nasemwa. Akasema: "Leo mimi sina maneno, dada. Nimeyatafuta tangu Jumapili sina. Sema wewe."

Mimi! Niseme mimi! Kati ya watu wote hawa wenye mafunzo!

Wamemwingiza bwana wangu. Alipofika mlangoni akageuza uso upande ambao siko, akatabasamu kwenye ukuta. Jamani. Daktari anasema presha ya jicho imepanda kuliko walivyotaka, watajaribu, wakishafungua ndipo watajua. Ndipo watajua! Na kiti cha magurudumu walichomwingizia kinapiga kelele, hawana hata mafuta ya kutia.

Nimekaa. Nimehesabu vigae, nikaona upuuzi. Nimetoa daftari.

Haya. Wewe.

Sijui kuanza kwa sifa. Nimewasikia wanaokusifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yako. Sikuja kwa sababu nakupenda. Nimekuja kwa sababu mwenye maneno kaishiwa, na mwenye imani yuko mezani kafunikwa uso. Nimebaki mimi. Kama umekosa mtu mwingine wa kuongea naye leo, pole sana.

Nimekukasirikia. Unajua. Umemkalia kimya mwanamke anayekuimbia huku anamfuta mume wake kinyesi! Hajawahi kukuomba makuu, kaomba mmoja. Hilo lijibu utakavyo, lakini usidhani nimelisahau. Na watu wako. Watu wako wananichosha! Wewe hawakuchoshi? Kwaya nzima inatazama kitabu kilichoshikwa juu chini na kupiga vigelegele, na ulikuwepo, uliona, hukucheka hata kidogo?

Nimecheka mimi. Hapa hapa, peke yangu, kwa sauti. Mama wa kufagia kanitazama, akahamisha ndoo yake. Siwezi kuacha. Nacheka na machozi yanatoka, na si ya huzuni, nimeyaangalia vizuri. Kuna kitu kimelegea kifuani, pale palipokuwa pamekaza. Hofu bado ipo. Naiona, imesimama pale kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, inanisubiri. Mbona haiji huku?

Usiniambie ndiyo hapa. Usiniambie ni hapa tu, kwenye benchi, na mimi siku zote natafuta mlango.

Subiri. Sijamaliza na wewe. Kuhusu jicho. Nataka liokoke, nasema bila kupamba. Akitoka hapo na giza nitakuja kukugombeza kila siku, asubuhi na jioni, na ujue nitakuja kweli, sasa napajua —

Mlango umefunguka. Nesi ametoka, barakoa chini ya kidevu, uso hausomeki. Anaita mwenye mgonjwa. Nimemwinulia kiganja: subiri kidogo, dada, naongea na mtu.

Anaangalia benchi. Niko peke yangu.